Kabla ya Kuchimba Menengai: Historia ya Kipimo cha Sumaku na Umeme wa Ardhi

Leo naweka kando lugha za programu na hifadhidata, tuzungumze historia kidogo. Lakini wale wanaokuja hapa kutafuta mambo ya tarakilishi msikimbie, maana historia hii ina hesabu ndani yake, na kuna mahali ingekwama kabisa kama tarakilishi hazingekuja kuiokoa.

Tuanze na swali. Mnamo Februari 2011 mtambo wa kuchimba ulianza kazi ndani ya kaldera ya Menengai, hapo juu ya mji wa Nakuru. Kisima cha mvuke huko huenda chini kilomita 2 na zaidi, na kimoja tu hugharimu mamilioni ya dola. Kaldera yenyewe ni pana, kama kilomita 12 kwa 8. Sasa walijuaje waweke mtambo hapa na si pale? Utasema wafuate mvuke unaofuka juu ya ardhi. Tatizo ni kwamba mvuke hutokea palipo na ufa wa kuupitisha. Jiko lenyewe linaweza kuwa mbali na hapo, kama vile moshi wa jikoni unavyoweza kutokea dirishani wakati mafiga yako upande mwingine wa nyumba.

Jibu ni kwamba kabla ya mtambo kufika, watu walizunguka kaldera wakipima vitu viwili: mabadiliko madogo sana ya uga wa sumaku, na volti ndogo sana ambazo mabadiliko hayo huzizalisha ardhini. Ukigawanya moja kwa nyingine unapata picha ya kilicho chini. Njia hiyo inaitwa magnetotelluriki, na kwa ufupi watu huiita MT.

Mimi niko Keringet, upande wa Kuresoi Kusini, nchi ya chai na viazi. Menengai iko katika kaunti hii yetu ya Nakuru, na Olkaria pia. Siku hizi zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa Bonde la Ufa. Kwa hivyo hiki si kipimo cha maabara za mbali. Kila mtu anayelipa stima na kodi katika nchi hii ameweka pesa zake juu ya kipimo hiki, ajue asijue. Nataka nieleze kilikotoka, kinavyofanya kazi, na jambo moja ambacho hakiwezi kutuambia.

Sumaku na umeme: walioanza

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha London kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme ndani ya waya. Wengi tulifundishwa hilo shuleni. Kisichosimuliwa sana ni alichojaribu mwaka uliofuata, 1832. Alifikiri hivi: maji ya mto Thames yanapitisha umeme, yanatembea, na dunia yenyewe ni sumaku. Basi mto mzima ungepaswa kuzalisha umeme! Akateremsha waya na mabamba ya shaba mtoni kutoka daraja la Waterloo, akasubiri. Hakupata jibu la kuaminika, kwani vifaa vyake havikuweza kutenganisha umeme huo na kelele nyingine. Lakini wazo lilikuwa sahihi: ardhi na maji ni waya pia, na sumaku ya dunia inaweza kuviamsha.

Mwaka 1856 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aligundua kwamba ukinzani wa chuma hubadilika kidogo kikiwekwa kwenye uga wa sumaku. Mwaka 1879 Edwin Hall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, alipitisha umeme kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu iliyowekwa kwenye sumaku, akapata volti ndogo upande wa kando, mahali ambapo haikutarajiwa. Hiyo ndiyo athari ya Hall. Dira ya simu nyingi za mkononi hutumia kihisi kilichojengwa juu ya athari hiyo. Wazo la Kelvin nalo lilikua: mwaka 1988 makundi ya Albert Fert na Peter Grünberg yaligundua mabadiliko makubwa zaidi ya ukinzani katika matabaka membamba ya metali, diski za kuhifadhia data zikaongezeka uwezo kwa kasi, na wawili hao wakapewa Nobeli mwaka 2007.

Kwa hivyo kuna familia mbili hapa, tusizichanganye. Hall na Kelvin walitazama kitu kidogo kilichowekwa ndani ya sumaku tulivu. Faraday alitazama sumaku inayobadilika. MT ni mtoto wa Faraday, na kitu kinachopimwa si kipande cha dhahabu bali ni nchi nzima iliyo chini ya miguu yako.

Ushahidi kwamba nchi nzima huitikia ulikuja Septemba 1859. Dhoruba kubwa ya jua iliitikisa sumaku ya dunia, na umeme ukaingia katika nyaya za telegrafu. Kati ya Boston na Portland, Marekani, mafundi walitenga betri zao wakaendelea kutuma ujumbe kwa umeme huo wa asili peke yake.

Hesabu fupi (usiogope)

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu watatu walifikia wazo moja karibu wakati mmoja: Tsuneji Rikitake huko Japani, Andrey Tikhonov wa Urusi ya Kisovieti mwaka 1950, na Louis Cagniard wa Ufaransa, ambaye makala yake ya 1953 ndiyo iliyoipa njia hii umaarufu. Wazo lao ni jepesi ukilitazama vizuri.

Uga wa sumaku unapotikisika, umeme huzaliwa ardhini. Mwamba ukipitisha umeme vizuri, volti inayobaki juu huwa ndogo. Mwamba ukiwa na ukinzani mkubwa, volti huwa kubwa. Basi pima volti ardhini kwa milivolti kwa kilomita, uite E. Pima mtikisiko wa sumaku kwa nanotesla, uite B. Chagua mtikisiko unaojirudia kila baada ya sekunde T. Ukinzani wa ardhi kwa omu-mita ni:

0.2 × T × (E ÷ B) × (E ÷ B)

Mfano: T ni sekunde 1, E ni 1, B ni 0.1. E kugawanya kwa B ni 10, mara 10 ni 100, mara 0.2 ni omu-mita 20. Ikiwa mahali pengine mtikisiko ni ule ule lakini E ni 0.3 tu, jibu ni omu-mita 1.8. Huko chini kuna kitu kinachopitisha umeme vizuri sana.

Na kina je? Hapa ndipo uzuri ulipo. Mtikisiko wa haraka huishia karibu na juu, na mtikisiko wa polepole huzama mbali. Kina kwa mita ni kama 503 mara kipeuo cha pili cha (ukinzani × T). Kwa omu-mita 20 na sekunde 1 unapata kilomita 2 na robo, karibu kina cha kisima cha Menengai. Kwa omu-mita 100 na sekunde 10 unafika karibu kilomita 16. Maana yake ni kwamba huhitaji kuchimba wala kulipua chochote. Unasikiliza sauti nyembamba kwa habari za juu na sauti nzito kwa habari za chini.

Nani anayeitikisa sumaku?

Hakuna anayelipwa kuitikisa. Mitikisiko ya polepole, ile ya zaidi ya sekunde moja, hutoka hasa kwa jua: upepo wa chembe zake unapogonga uga wa dunia, uga huo hutetemeka. Mitikisiko ya haraka hutoka kwa radi. Kila radi inapopiga hutuma wimbi linalozunguka dunia katikati ya ardhi na tabaka la juu la anga. Na sisi tumejaliwa majirani. Milima ya mashariki mwa Kongo, upande wa Kivu, ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Radi inayopiga Kivu jioni inaweza kuwa sehemu ya taa inayommulikia mpimaji wa Bonde la Ufa.

Ila taa yenyewe ni hafifu mno. Uga wa sumaku wa dunia hapa kwetu ni kama nanotesla 33,000. Mtikisiko unaopimwa mara nyingi haufiki nanotesla 1. Dira ya simu yako haiwezi kuuona hata kidogo. Na volti je? Ikiwa E ni milivolti 1 kwa kilomita na waya wako una mita 50, unapata mikrovolti 50, yaani 50 kati ya sehemu milioni za volti moja. Betri ndogo ya tochi ni mara 30,000 ya hiyo. Shida iliyomshinda Faraday darajani ndiyo hiyo hiyo, na ilisubiri zaidi ya miaka mia moja kutatuliwa.

Bonde la Ufa laingia katika historia

Miaka ya 1970 wanasayansi wa Uingereza walileta vifaa Kenya. Hawakuja kutafuta stima. Swali lao lilikuwa la jiolojia: bara linapasuka hapa, je, chini ya ufa huo kuna mwamba ulioyeyuka? Mwamba mkavu na baridi karibu haupitishi umeme kabisa, lakini ukiyeyuka, hata kwa sehemu ndogo tu, unapitisha vizuri. Kwa hivyo sumaku ingeweza kusema.

R. J. Banks na P. Ottey walichapisha mwaka 1974 matokeo ya vipimo vya sumaku ndani na kandokando ya bonde. Mwaka 1977 D. Rooney na Rosemary Hutton walichapisha uchunguzi uliotumia pia volti za ardhini, yaani MT kamili. Hutton alikuwa amefundisha Afrika Magharibi kwa miaka kadhaa kabla ya kwenda Edinburgh, na uga wa sumaku wa maeneo ya ikweta ulikuwa somo lake. Mwaka 1979 Banks na D. Beamish wakatoa makala ambayo kichwa chake kilitaja waziwazi kuyeyuka kwa miamba chini ya Ufa wa Kenya. Kwa jumla picha ilikuwa moja: chini ya bonde kuna kitu kinachopitisha umeme kuliko kawaida, na hakiko mbali sana.

Wakati huo huo, bila uhusiano mkubwa na hao, Olkaria ilikuwa ikihangaika. Uchimbaji ulianza huko mwaka 1956, na visima viwili vya kwanza havikutoa mvuke wa kutumika. Kazi ikalala. Miaka ya 1970 ikafufuliwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mashine ya kwanza ya megawati 15 ikaanza kuzunguka. Kufikia 1985 zilikuwa tatu, megawati 45. Wapimaji wa Olkaria wa enzi zile walitegemea zaidi njia ya kupitisha umeme wao wenyewe ardhini kwa nyaya ndefu, na njia hiyo haifiki mbali chini.

Utauliza, kama MT ilikuwa imeshafika Kenya, kwa nini haikupewa kazi hiyo mara moja?

Ilikuwa inasubiri programu

Kwa sababu kupima ni nusu ya kazi. Fikiria faili ya namba za usiku mzima: sumaku pande tatu, volti pande mbili. Ndani yake mmechanganyika jua, radi, ng'ombe aliyekanyaga waya, upepo uliotikisa mti, na nyaya za stima zinazovuma kwa herzi 50. Kwa wale wanaoandika programu, hizi ndizo hatua nne zilizoifanya faili hiyo isomeke:

Kwanza, mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya haraka ya kugawa mawimbi katika sauti zake, ile tunayoiita FFT. Bila hiyo, kutenganisha sekunde 1 na sekunde 10 kulikuwa kazi ya siku nyingi.

Pili, mwaka 1979 Gamble, Goubau na Clarke wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walipendekeza uweke kituo cha pili mbali, kipime sumaku wakati ule ule. Jua na radi za mbali vitaonekana kote kuwili. Ng'ombe wa hapa hataonekana kule. Kisichoonekana kote ni kelele. Wazo rahisi, lakini vituo viwili lazima viwe na saa zinazolingana sawasawa. GPS ilipokuja, hilo likawa jambo la kawaida.

Tatu, mwaka 1986 Gary Egbert na John Booker walitumia takwimu zisizoyumbishwa na namba chache mbaya. Mtu yeyote aliyewahi kuona wastani ukiharibiwa na namba moja ya ajabu anaelewa kwa nini hili ni muhimu.

Nne ni hesabu ya kinyume: kutoka kwenye vipimo vya juu kurudi kwenye picha ya chini. Kuna picha nyingi zinazoweza kutoa vipimo vile vile. Mwaka 1987 Steven Constable, Robert Parker na Catherine Constable walitoa kanuni: chagua picha laini kuliko zote inayolingana na data, usichore kitu ambacho data haikukulazimisha kuchora. Kuifanya hivyo kwa pande tatu ilikuwa vigumu kwenye mashine za kawaida hadi mwaka 2005, pale Weerachai Siripunvaraporn wa Thailand na wenzake walipotoa programu ya WSINV3DMT. Ujanja wao naupenda sana. Chukua picha ya masanduku 40 × 40 × 20, yaani 32,000. Jedwali la 32,000 kwa 32,000 lenye namba za baiti 8 linakula gigabaiti 8, na mwaka 2005 nani alikuwa na RAM hiyo? Lakini ukiwa na vituo 40, namba 8 kila kituo, na vipindi 12, data yako ni 3,840 tu. Wakaipanga hesabu upya ili jedwali lifuate data badala ya masanduku. Sasa linakula megabaiti 118 hivi. Kazi ya mashine kubwa ikaingia kwenye tarakilishi ya mezani, na ofisi ya Nakuru au Naivasha ikaweza kufanya kile ambacho zamani kilihitaji chuo kikuu cha Ulaya.

Na watu pia walikuwa wameandaliwa. Kuanzia 1979 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kiliendesha mafunzo ya jotoardhi huko Iceland, na Wakenya ni miongoni mwa waliosoma huko kwa wingi zaidi. Mwaka 2008 serikali ikaunda Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi, GDC, ili umma ubebe hatari ya kuchimba kwanza, halafu wawekezaji wajenge vituo. Kumbuka neno hilo, hatari. Ikiwa kisima hakitoi kitu, aliyepoteza ni mwananchi.

Kazi yenyewe shambani

Kituo kimoja cha MT huonekana hivi. Mashimo manne mafupi, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, makumi ya mita kutoka katikati. Kila shimo linawekwa chungu chenye chumvi ya risasi, na udongo unalowanishwa kwa maji ya chumvi ili uguse vizuri. Kisha mitungi mitatu mirefu yenye waya uliosokotwa, ambayo ndiyo vihisi vya sumaku, inazikwa: mmoja ukielekea kaskazini, mmoja mashariki, mmoja wima. Inazikwa kwa sababu upepo ukiutikisa mtungi hata kidogo ndani ya sumaku ya dunia, unazalisha umeme wa uongo. Katikati kuna kisanduku cha kurekodi, betri ya gari, na antena ya GPS. Unawasha, unaondoka, unarudi kesho. Vikwazo ni ua za stima za mashamba ya mifugo, nyaya za umeme, na lava ya Menengai yenyewe, ambayo ni mawe matupu yasiyokubali jembe.

Lava hiyo huleta shida nyingine. Jiwe dogo lenye ukinzani chini ya chungu linaweza kupandisha E mara mbili. Rudi kwenye kanuni yetu uone: E ikiwa mara 2, ukinzani unakuwa mara 4, na kina kinakuwa mara 2. Kitu kilicho kilomita 1 kinachorwa kilomita 2! Ndiyo maana karibu na kila kituo cha MT hupimwa pia kwa njia ya TEM, ambapo waya wa duara hupitishiwa umeme, unakatwa ghafla, na kinachopimwa ni sumaku peke yake. Volti za vyungu hazihusiki, kwa hivyo TEM husahihisha sehemu ya juu ya picha.

Kinachopitisha umeme ni nini?

Tumefika kwenye kiini cha makala haya. Kipimo kinasema omu-mita 2. Je, hiyo ni moto?

Kwa kawaida, hapana. Maji ya moto yanapopita kwenye miamba ya volkano hugeuza madini yake. Chini ya nyuzi 200 hivi hutokea udongo laini uitwao smektaiti, ambao unapitisha umeme vizuri mno. Joto likizidi nyuzi 230 au 240, smektaiti hutoweka, madini mengine kama kloraiti na epidoti yanachukua nafasi, na ukinzani unapanda tena. Kwa hivyo eneo zuri la mvuke huwa na kofia inayopitisha umeme, na chini yake kiini chenye ukinzani mkubwa zaidi. Unayemtafuta yuko chini ya kofia. Aliyechimba akifuata namba ndogo tu angeishia kwenye udongo wa uvuguvugu.

Na kuna mtego mbaya zaidi. Madini hayo hayarudi yalivyokuwa eneo likipoa. Kofia hubaki, kiini hubaki, picha ya MT inapendeza, lakini jiko lilizimika zamani. Kipimo husoma joto lililowahi kuwapo. Liliopo leo linajulikana kwa kuchimba na kuteremsha kipimajoto. Na kuchimba ni bahati nasibu hata kwa walio makini: Eburru, karibu na Naivasha, visima 6 vilichimbwa kati ya 1989 na 1991, na kituo kilichoanza huko mwaka 2012 ni cha megawati 2.5.

Menengai ilitoa somo la upande wa pili. Picha za MT zilionyesha kofia karibu na juu, kisha kitu kingine kinachopitisha umeme mbali chini. Katika makala ya 2013, Antony Wamalwa na wenzake walikitafsiri hicho cha chini kuwa mwamba ulioyeyuka kwa sehemu, kilomita 4 na zaidi kwenda chini. Lakini visima kadhaa, MW-04 na MW-06 vikiwamo, vilipofika karibu kilomita 2.1, mabomba yalianza kukwama na vipande vilivyopanda juu vilikuwa vioo vipya: magma iliyoganda ghafla kwa kukutana na maji ya kuchimbia. Joto la baadhi ya visima lilikaribia nyuzi 400. Kekee ilikuwa imegonga magma yenyewe, jambo lililokuwa limetokea mahali pachache sana duniani, kama Hawaii mwaka 2005 na Krafla, Iceland, mwaka 2009.

Je, MT ilidanganya? Sivyo. MT huona vitu vikubwa, na kadiri unavyoenda chini ndivyo macho yake yanavyofifia. Ulimi mwembamba wa magma chini ya kofia inayopitisha umeme unaweza kumezwa kabisa, hasa na hesabu inayochagua picha laini kuliko zote. Programu ilifanya ilichoagizwa. Ajabu ni kwamba swali la miaka ya 1970, kama kuna mwamba ulioyeyuka chini ya bonde, hapa Menengai lilijibiwa na bomba la chuma, na jibu likawa ndiyo, tena karibu kuliko ilivyochorwa.

Mwaka 2023 kituo cha kwanza cha Menengai, cha megawati 35, kilianza kupeleka umeme kwenye gridi. Ni miaka 12 tangu kisima cha kwanza. Kuna maeneo mengine ya Bonde la Ufa yanayosubiri, na siku moja unaweza kukaa kwenye baraza ya chifu ukaonyeshwa ramani nzuri yenye nyekundu na bluu. Usiogope rangi. Uliza maswali matatu: Vituo vilikuwa vingapi, na vilikuwa mbali kiasi gani na nyaya za stima? Sehemu ya juu ilisahihishwa kwa TEM? Na je, hiyo nyekundu ni udongo, ni maji ya chumvi, au ni moto, na mmejuaje? Mpimaji mwaminifu atafurahi kuulizwa la tatu, maana ndilo analojiuliza yeye mwenyewe kila siku.

Makala ijayo nitarudi kwenye programu: tutaandika FFT fupi, tuipe namba za dira ya simu, tuone herzi 50 za stima zinajitokeza au la. Tayarisheni simu zenu.